Shoo zetu za ngoma zinakaribia, msewe tuupangeje ukumbini usipoe?

binti_ngambo

Asalaam alaykum jamani, na wakubwa zangu nyote shikamooni. Nasomesha ngoma na dansi kwenye studio ndogo ya mtaa huku Ng'ambo, Unguja, nina watoto wa skuli ya msingi mpaka vijana waliokwisha maliza skuli. Pahala penyewe palikuwa ghala, wazazi wamechangishana tukapaka rangi, tukapiga steji ya mbao upande mmoja, tukatia viti vya plastiki na pazia, na alhamdulillah sasa mtaa una ukumbi wake. Baada ya Idi tuna shoo, nyusiku tatu mfululizo, Alkhamisi, Ijumaa na Jumamosi, na safari hii milango wazi kwa kila mtu, si wazazi peke yao kama tulivyozowea.

Programu ilivyo mpaka leo ni kwamba watoto wadogo wanafungua, wanafuata wasichana na kidumbak, ile taarab ndogo ya kuchezwa, kisha vijana wa kiume na msewe, ile ngoma ya Pemba ya kufunga njuga miguuni, halafu kuna kipande cha dansi ya kisasa tulichokitunga wenyewe kuhusu akina mama wa mwani. Niliwapeleka vijana Paje wakati wa bamvua, maji yametoka mbali kabisa, wakawaangalia wale mama wanavyoinama kutwa wanafunga vitawi kwenye kamba, na mwendo wa dansi umetoka hapo hapo, kile kipande nakipenda mno. Mwisho wote wanatoka pamoja. Jumla dakika tisini hivi.

Tatizo langu ni msewe. Tukifanya mazoezi nje uani unawaka, watoto wa mtaa wote wanakuja, mpaka wazee wa barazani wanasimama. Tukiupandisha steji unapoa. Vijana wanasimama mstari wanawatazama watu, wapigaji wako nyuma yao hawaonani vizuri, na tumeufupisha ukawa dakika saba ili programu ienee, na mimi naona kabisa kuna kitu kimekatika hapo kati. Mwenzangu ninayesomesha naye anasema tutie taa za rangi na muziki wa kurekodi chini yake uchangamke. Roho yangu haitaki.

La pili, wasichana wakubwa wameona klipu za Bi Kidude anapiga ngoma ya unyago na wanataka tutie kipande cha unyago kwenye shoo. Nasita lakini sina maneno ya kuwaambia yakawatosha. Naomba mnisaidie wenye kujua, bado tuna wiki chache za kupanga.

MpembaWaWete

Waalaykumu salaam mwanangu, marahaba. Umenigusa pahala kwa kweli kwa sababu msewe ni ngoma yetu sie wa Pemba na mie nimekua nao, kwa hiyo usinichoke nikirefusha.

Kwanza kabisa msewe ule mnaoufunga miguuni ndio ala yenyewe, si pambo. Vile vifuko vya ukindu na mbegu zake kavu ndani ndio vinavyojibizana na ngoma, mpigaji anasema na mguu wa mchezaji unamjibu. Sasa wewe umempa mpigaji mgongo wa mchezaji, hamuoni mguu, atajibizana na nani? Hicho ndicho kilichokatika, wala si taa. Warudishe wapigaji mbele au ubavuni, wawe wanaonana macho kwa macho na yule anayeongoza, utaona siku hiyo hiyo ngoma inarudi.

La pili ardhi. Uani kwenu naamini ni mchanga au udongo, mguu ukishuka unasikia msewe peke yake. Steji ya mbao iliyo tupu kwa chini inavuma yenyewe kila mguu ukipigwa, ule mvumo unaufunika msewe wote, watu wanasikia dum dum tu. Kama mnaweza, vijana washuke chini wachezee sakafuni, steji muiache kwa ajili ya kitu chengine. Na kama mmetandika zulia nakuombeni mlitoe, zulia linaua sauti na linamtegua mtoto.

La tatu hizo dakika saba. Mwanangu, ngoma haianzi imeshachemka. Inaanza polepole, wapigaji wanapimana na wachezaji, wanatafutana, wakishapatana ndio inapanda, na ikipanda mtu haambiwi basi, inajishusha yenyewe. Dakika saba ni wakati wa watu kutafutana tu, ukiikata hapo umewaonesha watu mlango wa nyumba kisha ukawarejesha. Mpe msewe dakika ishirini. Punguza vyengine.

Na misewe yenyewe iangalieni, isilazwe chini kwenye unyevu, itundikwe pahala pakavu penye upepo, mbegu zikipata unyevunyevu hazilii tena. Wafungeni kitambaa chini kwanza kisha msewe juu yake, la sivyo usiku wa tatu watoto watakuwa na vidonda vifundoni.

dansaBara

Habari dada, mimi nacheza dansi ya kisasa Dar ila nilipita Bagamoyo, Chuo cha Sanaa kile kilichoanza 1981 ambacho sasa ni TaSUBa, na hili swali lako tulilijadili mpaka usiku wa manane kila muhula. Namheshimu sana mzee hapo juu na la wapigaji kuonana na wachezaji nakubali mia kwa mia. Ila kufupisha si dhambi jamani. Ngoma nyingi tulizojifunza pale zimetoka mikoa mbalimbali, na mtazamaji aliyekuja na mtoto, amekaa kwenye kiti, anataka kurudi na daladala, ni tofauti na mtu aliyekuja ngomani kukesha. Kuna njia ya kufupisha bila kuua, unakata marudio na hukati kupanda. Yaani usitoe mwanzo wote ukaingia katikati, chukua mwanzo, kati na mwisho, kila kimoja kiwe kifupi, wapigaji wenyewe ndio wakate si wewe na saa yako mkononi. Dakika kumi na mbili mpaka kumi na tano zinatosha kama zimepangwa hivyo.

Halafu nakuomba usikiogope kile kipande cha mwani wala usikitupe pembeni kama nyongeza. Watu wanapenda kugawa, hii ngoma ya asili hii ya kisasa, wakati vijana wako wameutoa mwendo kwenye migongo ya mama zao kabisa. Mwani umelimwa Zanzibar kibiashara tangu 1989 na wengi kabisa wanaolima ni wanawake, kwa hiyo hiyo nayo ni kazi ya hapo hapo kisiwani na inastahili kuchezwa kama zilivyochezwa kazi za kuvua na kutwanga zamani. Ukikiweka baada ya msewe kitapotea, watu watakuwa bado masikio yao yana ngoma. Kiweke kabla, kimya kimya, bila hata muziki mwanzoni, pumzi zao tu na maji.

Nyerere alipohutubia Disemba 1962 akatangaza wizara ya utamaduni alisema wengi tumejifunza rumba na chachacha na twist mpaka waltz, je ni wangapi wanaojua gombe sugu, mangala, kiduo au lelemama. Nikisoma yale maneno huwa nafikiri wewe mwalimu wa mtaani ndiye unayeyajibu, kwa hiyo usikate tamaa.

MpembaWaWete

Dansa ahsante, umesema kwa adabu na mie sikukatai kwenye marudio. Lakini mtazamaji anayekaa kwenye kiti tusimdharau, mtu wa Unguja huyo huyo anakaa kwenye taarab mpaka usiku wa manane na hachoki, mpe kitu cha kweli atakaa. Nimeshuka mpaka dakika kumi na tano kwa ajili yako, chini ya hapo sishuki.

Bi_Mwembeladu

Binti yangu marahaba. Nakujibu lile la unyago kwa sababu naona wanaume wamelikwepa, na wamefanya vyema kulikwepa.

Bi Kidude, Mwenyezi Mungu amrehemu, jina lake Fatuma binti Baraka, alitutoka tarehe 17 Aprili 2013, na ni kweli kwamba ngoma yake aliibeba mpaka Ulaya, mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX na sote tulifurahi. Lakini hao wasichana wako waambie hivi, kile alichokuwa akikionesha mbele ya watu na kile anachofundishwa mwari ndani na somo wake si kitu kimoja. Yeye alikuwa amefundisha wari kwa miaka na miaka, alijua wapi pa kusita, alijua neno gani linatoka nje na neno gani linabaki ndani. Mtoto aliyeona klipu hajui pa kusita. Atachukua kiuno akaacha elimu, na mbele yake wamekaa baba yake na mjomba wake na kaka zake na simu zote zinarekodi. Huko si kuendeleza unyago, ni kuuvua nguo.

Sasa usiwaambie hapana ukaishia hapo maana watoto ukiwakataza tu watakwenda kufanya pengine na mwalimu asiyekuwa na huruma nao. Wape lelemama. Lelemama ni ngoma ya wanawake ya kutoka mbele za watu, wanasimama safu, mwendo wake mdogo na wa heshima, mkono na shingo na macho, uzuri wake uko kwenye kujizuia. Mama zetu walikuwa na vyama vyao vya lelemama na walikuwa wakishindana kwa mavazi na kwa nyimbo, mtaa huu na mtaa ule, na chama kilichopendeza kinatajwa mji mzima. Wasichana wako wakiambiwa kwamba haya ni mashindano ya kupendeza watasahau habari ya viuno wenyewe. Na ukiwatafuta wapo bado bibi huko mitaani kwenu wanaokumbuka, waite, wakalishe kitini, watie chai na mkate wa ufuta, usiwarekodi siku ya kwanza, waache wazungumze.

Jengine ambalo nadhani hukulifikiria, hebu fanya na shoo moja ya wanawake watupu, alasiri, Jumamosi au Jumapili baada ya sala ya alasiri. Wako mama wengi sana hawatatoka usiku, au waume zao hawatapenda, au wenyewe hawapendi kukaa mchanganyiko. Ukiwawekea alasiri yao, wapigaji ngoma wanawake, mlangoni mwanamke, simu zinaachwa kwenye kikapu mlangoni, utashangaa ukumbi utakavyojaa vigelegele. Hapo kidumbak chako cha wasichana kitapata watu wake wa kweli maana kidumbak bila ya wanawake kuinuka kutunza na kucheza ni nusu ya kidumbak.

fundi_maiki

Mambo binti, mimi nafanya kazi za spika na taa, nimefanya sana Ngome Kongwe na maharusini. Nasema ya ufundi tu.

Muziki wa kurekodi chini ya ngoma usitie kabisa kabisa. Ngoma laivu haina spidi moja, inapanda, rekodi haipandi, baada ya dakika mbili wapigaji wanaifuata rekodi badala ya kufuatana na wachezaji na hapo ndipo kila kitu kinakufa. Mwenzako nia yake nzuri anataka sauti ijae, basi mwambie sauti itajaa kwa kuweka maiki pahala pake. Kwa msewe maiki mbili tu chini kabisa karibu na sakafu, zikitazama miguu, usiweke maiki kwenye ngoma, ukumbi wa ghala wenye bati juu ngoma zinatosha wenyewe na zinazidi. Kwa kidumbak weka maiki moja kwenye sanduku, lile besi la kamba moja, kamba yake haisikiki mbali, na moja kwa fidla na muimbaji, zile ngoma ndogo mbili za dumbak na cherewa za kutikisa na mkwasa wa vijiti ziache zilivyo.

Kuhusu kukaa. Kule Ngome Kongwe zile ngazi za mawe zimezunguka kama nusu duara na ndio maana ngoma zinapendeza pale, watu wanaonana wenyewe kwa wenyewe. Nyie viti ni vya plastiki, vinahamishika, sasa kwa nini mnavipanga kama darasani? Wageuze, viti pande tatu, mbele kabisa tandika majamvi watoto wakae chini, nyuma yao viti vya wazee, nyuma kabisa watu wasimame. Wachezaji katikati sakafuni kama alivyosema mzee wa Pemba. Steji wapeni watu wa kidumbak wakae na ala zao, na kile kipande cha mwani kinaweza kuanzia juu ya steji kikashuka. Acha njia pana ya kutokea milango yote miwili, usizibe mlango kwa viti hata kama watu wamejaa, hili nakusisitiza sana.

Taa za rangi zinazopepesa zima. Taa mbili za manjano za pembeni, za chini chini zinazomulika miguu na misewe, basi.

Umeme ukikatika ngoma isisimame, waambie vijana mapema waendelee, na mwe na taa za betri tayari zimeshachajiwa. Jenereta likiwepo liwe mbali upande unaokwenda upepo, nyuma ya ukuta.

Na ngozi. Ngoma zinataka moto na huwezi kuwasha moto ndani. Wekeni mtu mmoja nje uani, moto mdogo wa vifuu na makumbi, ndoo ya maji na ndoo ya mchanga pembeni, kazi yake ni kupasha ngoma na kubadilisha tu. Ngoma ya msewe ipashwe wakati kipande kilichotangulia kinachezwa, isipashwe saa nzima kabla maana mkiwa na watu wengi ndani jasho na pumzi zao tu zinalegeza ngozi. Kama Idi yenyewe itaangukia masika basi mara mbili ya hapo, masika ngozi inalegea ukiitazama.

mwana_beni

Mimi nina moja tu, anzeni nje. Sauti za Busara, lile tamasha la muziki la Februari la Mji Mkongwe lililoanza 2004, hufunguliwa na maandamano mitaani, beni mbele, tarumbeta na ngoma kubwa, na mtu ambaye hakuwa na habari anajikuta anafuata. Nyie mtaa wenu ni mdogo zaidi kwa hiyo ni rahisi zaidi. Kodini beni hata la watu wachache, lizunguke vichochoro viwili vitatu, watoto wadogo ndio waongoze wakicheza, lifike mlangoni na watu nyuma yake waingie nalo ndani. Watoto wenu wadogo wakifungua steji wanaogopa, wakifungua mtaani kwao hawaogopi. Na tangazo zuri kuliko hilo hakuna, hata la redio.

umm_skuli

Asalaam alaykum, mie mzazi tu na mtoto wangu yuko kwenye kikundi kama hichi sehemu nyengine ya mji, nasema yale ambayo wasanii hamuyafikirii.

Saa ya kuanza ndiyo itakayoamua nani anakuja. Usitangaze saa moja, watu wako njiani msikitini. Tangaza saa mbili na nusu, baada ya isha, na uanze saa mbili na nusu kweli, maana watoto wa skuli ya msingi ikifika saa nne wamelala juu ya mapaja ya mama zao. Beni la nje liwe baina ya alasiri na magharibi, na likipita karibu na msikiti linyamaze, watu watakushukuruni.

Alkhamisi usiku kwa rai yangu iache. Ni usiku wa kuamkia Ijumaa, mitaani watu wanasoma, kuna majumba yana dhikri na maulidi, na ngoma zenu zikiwa kubwa mtaanza kwa maneno ambayo hayana haja. Peleka Jumapili. Kama utafuata la Bi mkubwa la alasiri ya wanawake basi Ijumaa usiku, Jumamosi usiku, Jumapili alasiri, inatosha kabisa na watoto Jumatatu wanakwenda skuli wamepumzika.

Baada ya Idi pia ni wakati wa maharusi, Mfungo Mosi huo, wapigaji wazuri wote wameshachukuliwa. Washike sasa hivi, wape chochote cha mwanzo mkononi, neno tupu halitoshi mwezi ule.

Sheha wa shehia yako mwambie wewe mwenyewe kwa mguu wako, usimtume mtoto na barua. Kibali cha BASSFU, baraza la sanaa na filamu la Zanzibar, kishughulikieni mapema msingoje wiki ya mwisho. Na kama kile kipande cha mwani mtatia wimbo wa mtu uliorekodiwa basi pitieni COSOZA mjue taratibu za hakimiliki, nyie ni wasanii, kesho na nyie mtataka kazi yenu iheshimiwe.

Kiingilio kiwepo, hata kidogo. Watu wa mtaani bei ya mtaani, wageni wa kutoka hotelini bei yao, watoto na wazee bure. Kitu cha bure kabisa watu wanaingia na kutoka katikati wakati mwanangu anacheza, na mimi mama mtu linaniumiza.

kijana_bububu

Nyongeza ndogo. Mimi ni mmoja wa wale vijana wanaocheza msewe kwenye kikundi chengine, na kitu kinachotutia moto ni kuwaona wakubwa wanaoijua ngoma wamekaa mbele. Hatuchezi vile vile mbele ya watu wasiojua. Binti kama una uwezo leta hata wazee wawili kutoka Pemba wapande boti Mkoani, wakae na vijana siku chache kabla ya shoo, wale nao, wafunge misewe nao. Nauli na chakula na pa kulala mtawachangia, kwa ukumbi ule mliojenga kwa mchango naamini hilo haliwashindi. Mie ningekuwa mkubwa wa ile studio ningeondoa pazia na taa zote nikawaleta wazee.

MpembaWaWete

Kijana Mungu akuzidishie. Binti ukikubali hilo niambie kwa ujumbe wa pembeni, nitakutafutia watu wanaoujua kweli, si wanaojisema. Wawili watatu wakipata nauli na pahala pa heshima pa kulala watakuja.

Na jengine nilisahau, usiwavalishe watoto vitu vya kung'aa vilivyonunuliwa dukani juu ya misewe. Nguo isimeze mguu. Mguu uonekane.

dansaBara

Hapo kwa mguu uonekane namuunga mkono mzee. Na Bi Mwembeladu nimejifunza kwako, sisi huku bara tumeona vikundi vinapandisha mambo ya jandoni na unyagoni kwenye hoteli na hakuna aliyeuliza. Binti, wasichana wako wakishaanza lelemama nakuomba uje utuambie ilikuwaje, nitapenda kujua wanaichukuaje watoto wa leo.

binti_ngambo

Jamani nimesoma yote, nimerudi nikasoma tena na mwenzangu pembeni, na jioni tukakaa na wazazi. Sijui niwashukuruni vipi, kila mtu amenipa kitu.

Tulivyokubaliana ni hivi. Alkhamisi imeondoka. Ijumaa na Jumamosi usiku saa mbili na nusu, Jumapili alasiri ya wanawake watupu, simu mlangoni kama Bi alivyosema, na bibi zetu wa mtaa watakaa mbele kabisa. Viti vinageuzwa pande tatu na tumeshajaribu leo, vijana wameshuka sakafuni, wapigaji ubavuni, na Mzee wangu wa Pemba wallahi mara ya kwanza tu walipoonana macho na kiongozi wao yule mpigaji mkubwa alicheka kwa furaha na ngoma ikapanda yenyewe, sikuwahi kuwasikia wakipiga vile ndani ya jengo. Tumewapa dakika kumi na tano na wao ndio wenye kukata. Muziki wa kurekodi umetoka, na mwenzangu mwenyewe ndiye aliyesema utoke baada ya kusikia.

Kipande cha mwani kinakwenda kabla ya msewe, kinaanza kimya juu ya steji kisha kinashuka. Nafasi tumeipata kwa kuwa watoto wadogo sasa wanafungulia mtaani na beni, hawana tena kipande chao ndani ila wanarudi mwishoni na wenzao.

Wasichana nimezungumza nao. Niliwaambia maneno ya Bi kama yalivyo, la kusita hasa, wakanyamaza, kisha mmoja akasema bibi yake alikuwa kwenye chama cha lelemama. Kesho kutwa tunakwenda kumuona, na mkate wa ufuta nimeshauagiza. Kwa shoo hii sidhani kama wataiwahi lelemama kuitoa mbele ya watu na sitaki kuwaharakisha, itakuwa ya shoo ijayo, safari hii wana kidumbak chao na watakimaliza vizuri.

La wazee wa Pemba wazazi wamelikubali, nauli inachangishwa kuanzia kesho. Mzee MpembaWaWete nakutumia ujumbe sasa hivi. Fundi maiki nawe naomba nikutafute kwa zile maiki za chini, tunazo mbili lakini vishikio vyake virefu.

fundi_maiki

Vishikio vifupi ninavyo nitakuazima, vya bure, ni kazi ya mtaa. Nitafute Jumatatu mchana ili tujaribu na wapigaji wote wakiwepo.

umm_skuli

Mashallah. Alasiri ya Jumapili sisi tunakuja na jirani zangu wote, niwekee majamvi ya mbele. Watoto wadogo wa kiume wanaruhusiwa kuingia na mama zao?

binti_ngambo

Wa chini ya miaka saba wanaruhusiwa dada, wakubwa zaidi waje Ijumaa au Jumamosi. Majamvi ya mbele ni ya bibi wa mtaa na watoto, nyie nawawekea safu ya pili ubavuni kwa wapigaji, pale ndipo pazuri zaidi kwa kusikia. Njooni mapema kidogo tu maana mlango tunafungua mara baada ya sala.